Motokari ya fahari chini ya mwembe: tuuzishe namna gani?



Siku ya posho iliyopita, kisha mkutano kufungwa, wamama watatu walibaki kwenye viti vyao. Kila mmoja alikuwa na shida yake, lakini ulizo lilikuwa moja. Wa kwanza, bwana yake ameachishwa kazi kwenye kampuni ndogo inayotumikia mine. Wa pili, bwana yake yuko mbali na hatumi kitu. Wa tatu ni mjane. Wote watatu wana motokari kubwa ya fahari ndani ya palseli, nzuri kwa macho, na hakuna anayeiendesha. Walituuliza: tuuzishe, au tuache? Na tukiuzisha, nani ana haki ya kuuzisha?

Tumeona ulizo hili si la watu watatu tu. Lubumbashi ni mji wa mine. Shaba na kobalti zikipanda bei, motokari kubwa zinajaa barabarani: Land Cruiser, Prado, Lexus, Mercedes, Range Rover. Kazi ikiyumba, zote zinataka kuuzishwa siku moja. Wazee kati yetu wanakumbuka mwaka 2003, Gécamines ilipoanza kuwaachisha watumishi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Fedha iliingia nyumbani mara moja kama mvua ya kwanza, na katika nyumba nyingi ilitoka haraka vile vile. Tangu hapo tunajua kwamba kitu kikubwa kikiuzishwa bila mpango, kinaacha jamaa mikono mitupu.

Juma hili tunasimulia habari ya yule mjane. Ametupa ruhusa, ila jina lake tunaliacha.

Funguo zilichukuliwa wakati wa kilio

Bwana yake alinunua Lexus LX 470 iliyotumika, iliyotoka Dubai. Ilikuwa furaha yake. Kila siku ya Mungu aliiosha mwenyewe kabla ya kwenda kanisani, na watoto wanne walipanda nyuma. Alipokufa, watu walikuwa bado wamekaa chini kwenye mikeka, ndugu mdogo wa marehemu aliomba funguo “kwa kuleta mai na viti”. Hakuzirudisha.

Kisha kilio kumalizika, mwenzetu alimwendea. “Baba mdogo, naomba funguo. Watoto wanarudi masomo, minervali haijalipwa.” Alijibiwa: “Mama, hii motokari ni ya yaya yetu. Karte roze ina jina lake, haina jina lako.”

Wakati huo mtu mmoja alikuwa tayari kuinunua kwa dolari 17,000. Aliona mabishano, akaenda zake. Motokari ikarudishwa uani bila funguo, ikawekwa chini ya mwembe, na hapo ikakaa miezi 14. Ilipita masika mzima. Batri ilikufa. Mipira ilipasuka kwa kukaa bila kutembea. Panya waliingia chini ya kofia ya mashine, wakatafuna nyaya. Watoto wawili walifukuzwa masomo kwa sababu ya deni, wakati pembeni ya mlango wa nyumba yao kulikuwa na kitu cha bei kama hiyo.

Mwenzetu alikuwa anakuja kwenye likelemba kila juma, anacheka na sisi, na hakusema neno. Alikuwa na haya. Alifikiri watu watasema ana tamaa ya mali ya marehemu. Tunaandika habari hii kwa sababu ya kunyamaza huko.

Motokari ni ya nani?

Tulianza na ulizo hili, maana mnunuzi mwenye akili ataliuliza vile vile. Katika nchi yetu kuna Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Mama mmoja kati yetu aliyesoma sheria alitueleza, na sisi tunaeleza kwa maneno rahisi.

Kwanza, mtu na bibi yake wakifunga ndoa bila kuchagua namna ya kuweka mali yao, sheria inahesabu kwamba vitu walivyopata ndani ya ndoa ni vya wote wawili. Haijali jina gani limeandikwa kwenye karte roze. Mmoja akifa, nusu ya vitu hivyo haiingii katika urithi hata kidogo. Ni ya yule aliyebaki.

Pili, ile nusu ya marehemu ndiyo inayogawanywa. Robo tatu ni za watoto wake, na hapo wanahesabiwa vile vile wale aliozaa nje ya ndoa na kuwatambua kwa sheria. Robo inayobaki ni ya vikundi vitatu: mjane, baba na mama ya marehemu, na kaka na dada zake. Kila kikundi kinapata sehemu sawa.

Tatu, tangu yale marekebisho ya 2016, mwanamke mwenye bwana hahitaji tena ruhusa ya bwana yake kwa kuweka mkataba au kwenda mbele ya tribunali. Zamani sheria ilimfunga. Leo haimfungi, lakini wengi wetu hatujaambiwa.

Jambo moja mliangalie sana: haya yote yanasimama juu ya ndoa inayojulikana na serikali. Kama ndoa yenu ni ya mahari tu na haikuandikwa kwenye eta sivili ya komini, nendeni muiandikishe wakati wote wawili mko wazima. Mjane asiye na karatasi analazimika kutafuta mashahidi, na mashahidi wengine ni walewale wanaoshika funguo.

Tulikwenda kuonana na jamaa ya marehemu, wamama watano pamoja na yule mwanasheria. Hatukwenda na makelele. Tulimwomba baba mkubwa wa jamaa aite kikao. Mwanasheria alieleza mgawo polepole, akaandika hesabu kwenye daftari. Aliyebadilisha kikao alikuwa mama mkwe. Aliuliza: “Mnasema hata mimi nina sehemu?” Hakuna mtu aliyemwambia jambo hilo hata siku moja. Mwanawe mdogo alikuwa anasema anachunga mali ya jamaa, lakini katika uchungaji ule mama yake mzazi hakuwa na kitu. Bibi kizee alinyoosha mkono, akasema: “Leta funguo.” Zikaletwa.

Siku ile waliandika karatasi ya kikao cha jamaa: majina ya warithi, jina la likidateri atakayesimamia urithi, na neno kwamba wote wanakubali motokari iuzishwe. Kila mmoja alitia sahihi au alama ya kidole. Pamoja na akte ya kufa na akte ya ndoa, karatasi ile ndiyo iliyofungua njia. Pale ambapo jamaa haisikilizani, mlango unaobaki ni tribunali.

Bei inashuka kwa nini

Motokari ya fahari si kama palseli. Palseli inaweza kukungoja. Motokari inakula bei yake hata ikilala. Iliponunuliwa mpya ilikuwa ya tajiri, lakini mnunuzi wa pili na wa tatu anaangalia mambo mengine.

Anaangalia esansi. LX 470 ina mashine ya silinda nane, ya lita 4.7. Kwa foleni ya mjini na kwa barabara zetu, inakunywa sana. Watu wanaoweza kuinunua ni wengi kuliko wanaoweza kuilisha.

Anaangalia vipuri na mafundi. Hapa Lexus hiyo ina bahati, maana ni ndugu ya Land Cruiser ya 100, na mafundi wengi wanaijua kwa mikono. Motokari nyingine za fahari, hasa za Ulaya zenye vifaa vingi vya umeme, zinataka fundi mwenye mashine ya kusoma makosa, na vipuri vya kuagiza mbali. Kwa sababu hiyo motokari mbili zilizokuwa za bei moja zikiwa mpya, kisha miaka kumi moja inaweza kuuzika na nyingine ikabaki pambo.

Anaangalia volani. Congo tunatembea upande wa kulia, kwa hiyo volani inapashwa kuwa kushoto. Lakini motokari nyingi za hapa zilitoka Japani, zikashuka bandari ya Dar es Salaam, zikapita Zambia na kuingia Kasumbalesa zikiwa na volani kulia. Serikali imeshatoa katazo la kuziingiza, na mnunuzi anayetaka kuipeleka Kinshasa atalitumia neno hilo kupunguza bei. Ile ya volani kushoto itajeni mapema, ni nguvu yenu.

Na anaangalia uso wa muuzaji. Akiona mjane mwenye deni la minervali, anajua ana haraka. Hivi msimwambie mnunuzi kwa nini mnauzisha. Semeni tu: “Tumeona haitutumikii tena.”

Kabla ya kuonyesha, mwenzetu alinunua batri, akabadilisha mafuta, akamwita fundi arekebishe nyaya, na motokari ikaoshwa vizuri ndani na nje. Mipira alinunua miwili iliyotumika, basi. Komisioneri alitaka apake rangi mpya. Tulikataa. Rangi mpya inamfanya mnunuzi aulize unaficha nini, na gharama yake hairudi yote.

Kubadilisha: mbili kwa moja

Hapa ndipo tulipokaribia kuanguka. Komisioneri alileta mtu asiyetaka kutoa fedha. Alisema: “Mama, nipe Lexus, nikupe Toyota ndogo mbili. Utaziweka taksi, kila jioni utakula.” Kwa mama mwenye watoto wanne, neno lile ni tamu. Hata sisi wengine tulipiga vigelegele.

Mtoto wa mwenzetu mmoja ni fundi. Tulimwomba aje na tochi. Alilala chini, akafungua kofia, akasoma namba ya shasi ya kila motokari na kuilinganisha na karte roze. Ya kwanza ilikuwa sawa, lakini giaboksi ilikuwa mgonjwa. Ya pili, namba ya shasi haikufanana na karatasi. Tulimwuliza mwenye nayo. Alisema ni kosa la mwandishi. Tukamwambia alirekebishe kosa kwanza, halafu arudi. Mpaka leo hajarudi.

Hatusemi kubadilisha ni kubaya. Mtu anayeacha kazi anaweza kutoa motokari kubwa akapata ndogo isiyokula sana, na fedha ya nyongeza juu. Kuna parki za motokari mjini zinazofanya hivyo. Ila fuateni utaratibu huu. Kwanza ulizeni: “Motokari yangu mnainunua kwa fedha ngapi, bila kubadilisha?” Muandike jibu. Pili ulizeni: “Ile yenu mnaiuzisha ngapi kwa mtu anayekuja na fedha?” Muandike. Tatu, toeni hesabu wenyewe. Mtu anayetaka kuwachanganya atakataa kutaja bei hizo mbili, atataja nyongeza tu. Mwenye parki anapashwa kupata faida yake, hilo tunaelewa, lakini mjue faida hiyo ni kiasi gani mnachomlipa.

Na mama anayefikiri taksi ni kipato cha kila jioni, aulize kwanza wenye taksi. Kuna dereva, kuna fundi, kuna vinyeti, kuna asiransi, kuna kontrole tekniki, na kuna siku za kusimamishwa barabarani. Taksi ni kazi, na inataka mtu wa kuifuata kila siku.

Siku ya kupokea fedha

Mnunuzi wa kweli alipatikana kisha majuma sita. Aliuliza maulizo mengi, na hilo lilitupendeza, maana mwizi hana maulizo. Alitaka kuijaribu motokari. Tulikubali, lakini fundi wetu alikaa pembeni yake, na mtu mmoja wa jamaa yake alibaki uani na sisi. Musimpe mtu funguo aende kujaribu peke yake, hata akiacha simu na viatu.

Walipatana dolari 12,600. Ni chini ya ile 17,000 ya mwanzo. Miezi 14 ya mabishano ilikula dolari 4,400, na kila mtu wa jamaa alipoteza sehemu yake hapo, pamoja na yule aliyeshika funguo.

Karatasi zilizowekwa mezani ni hizi: karte roze, karatasi za duwani za kuingiza motokari, asiransi, vinyeti, akte ya kufa, akte ya ndoa, na karatasi ya kikao cha jamaa. Akte ya kuuzisha iliandikwa mbele ya notere, ikataja namba ya shasi, bei, tarehe na saa. Upande wa warithi, likidateri na mjane wote wawili walitia sahihi. Tulipiga kopi ya karte ya mpiga kura ya mnunuzi, pande zote mbili. Halafu tulihakikisha amekwenda kugeuza jina kwenye karte roze. Msilegeze hapo. Kama jina la bwana yako linabaki, siku motokari ikigonga mtu, polisi watakuja kugonga mlango wako.

Fedha ilihesabiwa ndani ya benki, si uani wala ndani ya motokari. Mnajua dolari zetu: ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha, sokoni wanaikataa, na noti za zamani vile vile. Mhesabu fedha wa benki alizipitisha kwenye mashine, akarudisha noti tatu, mnunuzi akazibadilisha. Ndipo funguo zikatoka mkononi mwa mama.

Komisioneri alipata kile walichopatana tangu mwanzo kwa maandishi. Alijaribu kuomba zaidi. Tulimwonyesha karatasi, akacheka, akapokea.

Hesabu ilivyokwenda

Kisha kulipa komisioneri, notere, fundi, batri na mipira, zilibaki dolari 12,000 kamili. Nusu, yaani 6,000, ilikuwa ya mjane kwa haki yake ya ndoa. Nusu ya pili iligawanywa: 4,500 za watoto wanne, kila mmoja 1,125, 500 za mjane tena, 500 za wazazi wa marehemu, na kwa kuwa baba alikwisha kufa, bibi kizee alizipata zote, 500 za kaka na dada. Kila mmoja alitia sahihi alipopokea. Yule baba mdogo alipokea pamoja na wengine, na tunafurahi kusema kwamba leo anafika kusalimia watoto.

Mwenzetu alilipa deni la masomo siku ileile. Fedha za watoto aliziweka benki, hazigusi isipokuwa kwa masomo yao. Kwa sehemu yake alimaliza vyumba viwili vya nyuma ambavyo bwana yake aliviacha bila mabati. Vyumba vina wapangaji. Kodi si kubwa, lakini inakuja kila mwezi na haihitaji esansi.

Mtoto wa mwisho alilia motokari ilipotoka kwenye lango. Alisema: “Wanamchukua baba.” Mama yake alimshika mkono, akampeleka kuangalia mafundi wakipigilia mabati. Tunaandika na hilo pia, kwa sababu si fedha tu iliyokuwa chini ya mwembe ule.

Wamama, tunawaomba mambo mawili juma hili. Leo jioni, ulizeni kwa upole karatasi za nyumba ziko wapi: akte ya ndoa, karte roze, karatasi za palseli. Pigeni kopi, mziweke mahali pawili. Si kumtakia mtu kifo; ni kama kuweka makala kabla ya mvua. Na kama kuna kitu kikubwa kimelala uani kwako na moyo unakuuma, usibaki nacho peke yako mpaka panya wakimalize. Njoo siku ya posho, saa tisa. Mwanasheria wetu atakuwapo, na fundi atakuja na tochi yake.